Ganda la risasi kwenye gunia la skrepa

Na Mwandishi Wetu, Masuala ya Kanda

Gunia lilipomwagwa sakafuni, vitu vya kwanza kudondoka vilikuwa vya kawaida: koki za mabomba, vitasa vya milango, vipande vya rejeta ya gari, nati kubwa kubwa za shaba. Halafu yakafuata maganda 11 ya risasi. Moja lilibingirika hadi likagota kwenye kiatu cha afande.

Mwenye gunia, mama wa makamo anayenunua shaba vijijini upande mmoja wa mpaka na kuiuza upande wa pili, hakushtuka. Kwake ile ilikuwa brasi kama koki zile. Aliyeshtuka ni askari. Mabishano yaliyofuata yalichukua saa nzima, na cha ajabu hayakuwa kati ya mama na serikali. Yalikuwa kati ya serikali na serikali. Afisa wa forodha alisema haya ni mabaki ya shaba, yalipiwe yaende. Askari akasema hizi ni risasi, mama aende kituoni. Mama mwenyewe alikaa kwenye benchi na mkoba mapajani, akiwaamkia wote wanaopita.

Jioni aliachiwa. Gunia halikuachiwa. Nilikuwa pale kufuatilia habari nyingine kabisa, ya bei ya mahindi, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanunuzi wa vyuma chakavu, madereva na maafisa wa mipakani swali moja: mfanyabiashara wa kawaida anazijua risasi kiasi gani? Jibu ni kwamba anaziona sana na kuzijua kidogo. Na katika ukanda wetu, ambako vita vya miaka 50 vimeacha maganda kwenye mashamba, mabonde na kandokando ya barabara, kutozijua kunagharimu mtaji, na wakati mwingine uhai.

Tuanze na jina lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimetuwekea mtego. Risasi ni ile ya bunduki, lakini risasi pia ni madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari. Mnunuzi wa betri kuukuu anayepiga simu kwa sauti kubwa ofisi ya forodha akiuliza bei ya risasi kwa kilo asishangae akitazamwa vibaya. Tena, hata risasi ya bunduki tunaiita hivyo ikiwa nzima, na tunaiita hivyo pia inapotolewa mwilini mwa majeruhi. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, kile kikopo cha chuma au shaba. Ndani ya ganda kuna baruti. Juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Chini, kwenye kitako, kuna kidonge kidogo cha duara cha kuwashia. Pini ya bunduki inagonga kidonge, kidonge kinawasha baruti, baruti inasukuma kichwa kupitia mtutu, na ganda tupu linarushwa pembeni. Hilo tupu ndilo watoto wanaliokota na kulileta kwa mama wa skrepa.

Mtu yeyote anayeshika shaba kwa kazi anapaswa kuweza kutofautisha zima na tupu kwa kutazama tu. Tupu halina kichwa, mdomo wake uko wazi, na kidonge cha kitakoni kina kibonyeo katikati. Nzima ina kichwa na kidonge chake ni laini. Kuna ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo ya kuogopwa zaidi: ina kichwa, lakini kidonge kimebonyea. Hiyo ilipigwa ikakataa kulipuka. Baruti yake bado imo, na hakuna anayejua itaamua lini. Kuna pia za mazoezi na za mizinga ya heshima kwenye mazishi ya wakubwa. Hizo hazina kichwa lakini mdomo umekunjwa kama nyota, na kama hazijapigwa zina baruti kamili.

Saba nukta sitini na mbili si moja

Gazeti likiandika kwamba mtu amekamatwa na risasi za 7.62, msomaji anadhani ameelezwa. Hajaelezwa. Anayeuza tairi ananielewa: mteja akikwambia anataka tairi ya inchi 15, bado hujui umpe ipi, kwa sababu upana na kimo vinatofautiana. Ndivyo ilivyo kwa risasi. Namba 7.62 ni kipimo cha tundu la mtutu kwa milimita. Namba ya pili, ambayo taarifa nyingi za polisi huiacha, ni urefu wa ganda, nayo ndiyo inayoamua bunduki gani inaitumia na risasi itakwenda kwa nguvu gani. Katika ukanda huu kuna 7.62 za aina tatu, na hakuna hata moja inayoweza kukaa mahali pa mwenzake.

Inayoonekana zaidi ni 7.62 kwa 39. Ilibuniwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1943, vita kuu vikiendelea, na ndiyo chakula cha AK-47, bunduki ambayo askari wa Tanzania na Uganda wengi wanaiita SMG. Ni fupi, milimita 56 kutoka kitako hadi ncha, na ukiiweka mezani utaona inabana kidogo kidogo kuelekea juu. Mbano huo ndio unaofanya kasha la risasi la AK lipinde kama ndizi: ukizipanga nyingi, zenyewe zinajikunja. Kichwa chake kina uzito wa gramu 8 hivi na kinatoka kwa kasi ya mita 700 na kitu kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Ndiyo maana waliowahi kushambuliwa njiani husema risasi ilipita kwanza, mlio ukafuata.

Ya pili ni 7.62 kwa 51, ya majeshi ya nchi za Magharibi tangu mwaka 1954. Ni ya bunduki za G3 na FAL. Ganda lake ni refu na nene, risasi nzima inafika milimita 71, na nguvu yake inaizidi ile ya AK kwa zaidi ya nusu. Kenya imetumia G3 kwa miongo mingi. Uganda vilevile, na humo kuna kisa ambacho wazee wa Karamoja wanakijua vizuri: serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, askari waliikimbia kambi ya Moroto na ghala la silaha likabaki wazi. Wafugaji wakajichukulia. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki ndani ya msimu mmoja, na biashara ya mifugo kati ya Karamoja, Pokot na Turkana haijarudi kuwa ilivyokuwa.

Ya tatu ni nzee kuliko zote, 7.62 kwa 54. Ilianza mwaka 1891 chini ya mfalme wa Urusi na bado iko kazini leo kwenye rashasha za PKM na bunduki za walenga shabaha. Utaitambua bila kupima chochote, kwa sababu kitako chake kina ukingo unaotokeza nje, kama kisoda. Ukiona magari yenye rashasha juu, mkanda wa risasi unaoning'inia pembeni mara nyingi ni wa hizi.

Ukingo kama huo unao pia .303 ya Waingereza, na hapa wengi hukosea. Hii ni ya mwishoni mwa karne ya 19, ya bunduki za Lee-Enfield walizobeba askari wa King's African Rifles, babu zetu waliopelekwa Burma na kwingineko. Namba yake ni ya inchi, si milimita. Miaka mingi baada ya uhuru bunduki hizo zimeendelea kuonekana mikononi mwa askari wa akiba na walinzi wa vijiji. Maganda yake ni ya shaba nzuri, na anayechimba karibu na kambi za zamani huyakuta.

Kisha kuna kizazi kipya, 5.56 kwa 45. Ni ndogo ukiilinganisha na hizo, kichwa chake gramu 4 tu au pungufu, lakini kinatoka kwa kasi ya mita 900 na zaidi kwa sekunde. Wamarekani waliianza na bunduki ya M16 katika miaka ya 1960, na mwaka 1980 NATO ikakubali muundo wa Wabelgiji kuwa wa wanachama wote. Hesabu yake ni ya msafirishaji hasa: risasi moja ya 7.62 kwa 51 ina uzito wa gramu 24 hivi, ya 5.56 karibu gramu 12. Kwa mzigo uleule, askari anabeba mara mbili. Wasovieti nao waliona hesabu hiyo wakatoa 5.45 kwa 39 katika miaka ya 1970, ingawa kwetu huku si nyingi kama ya AK ya zamani. Vikosi kadhaa vya ukanda vina bunduki za 5.56, kwa hiyo maganda yake yakikutwa porini, swali la kwanza la mpelelezi huwa: yametoka kikosi gani?

Ndogo kuliko zote ni .22, ya tangu mwaka 1887, ya kulengea shabaha na kuwindia kanga na sungura. Ni kijiti cha shaba kisichozidi kidole kidogo cha mtoto, na haina kidonge katikati. Kiwashio kiko kwenye ukingo wa kitako, kwa hiyo alama ya kupigwa utaitafuta pembeni. Watu huidharau. Kichwa chake kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja.

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wasidhani haya hayawahusu. Zile bunduki za kupigilia misumari kwenye zege zinatumia vidude vya baruti vya kimo cha .22 na .27. Havina kichwa, na rangi yake inaonyesha nguvu yake. Kwa fundi ni kifaa, kama msumari. Kwa mashine ya ukaguzi wa mizigo, na kwa askari ambaye hajawahi kukanyaga eneo la ujenzi wa ghorofa, ni pakiti ya risasi. Anayevipitisha bila karatasi atakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Sumaku inasema nini

Wanunuzi wa skrepa wanajua kazi ya sumaku kuliko mtu yeyote. Ganda la shaba halisi halishikwi. Shaba hiyo, sehemu 70 kwa 100 ikiwa shaba nyekundu na iliyobaki zinki, ni nzuri kiasi kwamba viwanda duniani huiita kwa jina la ganda la risasi lenyewe. Magamba ya 5.56, ya 7.62 kwa 51 na ya .303 mengi ni ya aina hiyo. Hapo ndipo tamaa inapoanzia.

Lakini maganda mengi ya AK si shaba. Ya Kirusi ni chuma kilichopakwa rangi ya kijani iliyofifia au kahawia. Ya Kichina ni chuma kilichooshwa kwa utando mwembamba wa shaba, na kwa macho yanang'aa kuliko brasi yenyewe. Nimekutana na kijana aliyenunua debe zima la hayo kwa bei ya brasi, na aliyemuuzia alikuwa ameshavuka mpaka kwa njia ya panya. Sumaku ya shilingi chache ingemwokoa. Sina huruma sana na hasara yake, kwa sababu debe zima la maganda halipatikani kwa kuokota, naye alilijua hilo.

Sumaku haisemi kila kitu, hata hivyo. Risasi nzima yenye ganda la shaba inaweza kushikwa upande wa kichwa, kwa kuwa vichwa vingi vina chuma ndani au gamba la chuma juu. Usitumie sumaku kuamua kama kitu ni salama. Inakwambia bei tu.

Maandishi ya kitakoni

Geuza ganda lolote la kijeshi utaona alama zimegongwa kwenye kitako. Hizo ni cheti cha kuzaliwa. Risasi za Kisovieti huwa na namba ya kiwanda juu na mwaka chini: 17 ni Barnaul, 270 ni Luhansk, 60 ni mji ambao sasa unaitwa Bishkek, Kyrgyzstan. Za Kichina nazo zina namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Zinazofuata vigezo vya NATO huwa na alama ya msalaba ndani ya duara. Na zipo za nyumbani, maana ukanda wetu una viwanda vyake: Mzinga, Morogoro, kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, Luwero Industries kule Nakasongola, Uganda, na cha Eldoret nchini Kenya, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa teknolojia ya Ubelgiji, ambacho alama yake ni KOFC.

Alama hizo zilizua mjadala mkubwa mwaka 2008. Watafiti wa Small Arms Survey, taasisi yenye makao yake Geneva, walikusanya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini wakasoma vitako kimoja kimoja. Walihitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwenye maghala ya serikali yenyewe, kupitia polisi, ili wakazi wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Kabla ya hapo, hadithi iliyozoeleka ilikuwa kwamba kila risasi ya Turkana imevushwa kutoka Sudan, Somalia au Uganda, na mzigo wa lawama ukaangukia wachuuzi wa mipakani. Vitako vilisema vinginevyo.

Ninalitaja hili kwa sababu mpelelezi akiona maganda kwenye gunia la mfanyabiashara, hatazami shaba. Anasoma. Maganda 11 yenye alama na mwaka mmoja yanaonyesha tukio moja, sehemu moja, pengine jana. Maganda ya miaka tofauti yaliyoota kutu ya kijani ni ya kuokotwa. Mama yule wa kwenye benchi hakujua kwamba gunia lake lilikuwa na ushahidi wa kumsaidia, na hakuna aliyemwambia. Alama ziligeuzwa na kusomwa mwishoni kabisa, baada ya afande mmoja mzee kuingia na kuomba miwani.

Ni bidhaa gani, mbele ya sheria?

Hapa ndipo mabishano ya forodha na polisi yanapopata mizizi. Katika orodha ya kimataifa ya kutambua bidhaa, ileile inayotumiwa na forodha za Afrika Mashariki, mabaki ya shaba yako chini ya namba 7404. Silaha zina sura yao, ya 93, na namba 9306 inataja risasi pamoja na sehemu zake. Ganda ni sehemu ya risasi. Lakini ganda lililopigwa, likapondwa, likachanganywa na koki, bado ni sehemu ya risasi au limekuwa shaba chakavu? Afisa anayejibu swali hilo saa nne za usiku, foleni ya malori ikiwa imefika barabarani, ana haki ya kuchagua jibu lisilomletea matatizo.

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 imeweka silaha na risasi za sura ya 93 miongoni mwa bidhaa zinazoruhusiwa kuingia kwa vibali maalumu tu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini, inaeleza kwamba risasi ni risasi nzima au sehemu zake: ganda, kiwashio, baruti, kichwa. Kisha inaongeza sharti: iwapo sehemu hizo zenyewe zinahitaji kibali katika nchi husika. Yaani kila nchi ijiamulie. Kwa nchi moja ganda tupu linaweza kuwa pambo la mezani, na kwa jirani yake likawa mashtaka, na mfanyabiashara wetu anavuka kutoka moja hadi nyingine kwa hatua 200.

Nina maoni yangu. Jumuiya iliyoweza kukubaliana kuhusu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mchuuzi mdogo inaweza pia kuandika ukurasa mmoja kuhusu maganda yaliyotumika: yakipondwa namna gani, yakiandikwa na nani, ni skrepa. Nchi wanachama sasa ni nane, na DRC, Sudan Kusini na Somalia zilizoingia miaka ya karibuni ndizo zenye maganda mengi zaidi ardhini. Bila ukurasa huo, soko la pamoja litaendelea kumtegemea afande mzee mwenye miwani.

Mpaka hapo utakapoandikwa, usivushe maganda, hata matupu, hata mawili. Usivushe hata lile lililotobolewa likawa kishikizo cha funguo. Hayo yanauzwa kama mapambo na yamewaletea watu taabu viwanja vya ndege. Ukinunua skrepa kwa jumla, mwaga, chambua, kisha pakia. Na hakikisha karatasi zako za skrepa zenyewe ziko sawa, kwa sababu vyuma chakavu havipiti kirahisi siku hizi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015 inayotaka leseni, na Januari 2022 ilisimamisha kabisa biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Mtu asiye na leseni akikutwa na maganda hana hata pa kuanzia kujieleza.

Hatari nyingine haina uhusiano na sheria. Watu wa tanuru wana hofu ya kitu chochote kilichofungwa: shokapu, mtungi wa gesi, kopo lenye maji ndani. Risasi nzima iko kwenye orodha hiyo. Ikiwekwa motoni bila bunduki, kichwa hakiruki kwa kasi yake ya kawaida, kwa sababu hakuna mtutu wa kukibana. Kinachoruka ni vipande vya ganda, navyo hutafuta macho na shingo. Kuigonga kwa nyundo ili kutoa kichwa na kuuza shaba ni kosa lilelile kwa njia nyingine.

Na pamoja na risasi huja vikubwa zaidi. Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, karibu na mipaka ya Burundi na Rwanda, watoto watano walikufa na makumi kujeruhiwa kwa bomu. Mwanafunzi alikuwa amekiokota kitu hicho akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Sisi tunaoandika habari za mipaka tulikiita kisa cha usalama. Kilikuwa pia kisa cha biashara, kwa sababu mtoto yule alijua kuna mtu ananunua. Mwezi Januari 2025, mapigano ya Goma yaliacha risasi na mabomu mitaani, hatua chache kutoka kwenye kizuizi kinachovukwa na maelfu ya wachuuzi kila siku kwenda Gisenyi. Huko nako watoto wanaokota.

Ukikuta risasi nzima, iache ilipo kama iko chini. Kama imo ndani ya mzigo wako, itenge, usiiweke mfukoni, usiiweke juani ndani ya gari, na uite mamlaka kabla hujafika mpakani: mtendaji wa kijiji Tanzania, chifu Kenya, LC1 Uganda, au kituo cha polisi chochote. Mwambie mwenye mamlaka ulinunua wapi na lini, mbele ya shahidi. Mtu aliyeripoti kilomita 20 kabla ya mpaka na mtu aliyekutwa nayo kwenye meza ya ukaguzi hawahesabiwi kuwa mtu mmoja.

Neno moja kwa madereva, hasa wa njia ya Elegu, Nimule na Juba, ambao mwaka 2021 waligoma baada ya wenzao kuuawa barabarani. Wengi wanaamini mlango wa lori unakinga. Haukingi. Risasi ya AK inapita bati la mlango kama karatasi, na ya PKM inapita milango yote miwili. Chuma kizito kwenye lori ni injini na ringi za magurudumu. Ukilazimika kujificha, jifiche nyuma ya hivyo, chini kabisa.

Nilimtafuta mama yule wiki tatu baadaye, upande wake wa mpaka. Alikuwa barazani kwake na mkeka, mizani na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, watoto wawili wamesimama mbele yake na mfuko. Aliwaambia waumwage wenyewe, kitu kimoja kimoja. Ganda moja lilitokea, la AK, la kijani kilichofifia. Alilisukuma kando kwa kijiti, akapima vilivyobaki, akawalipa. Kisha akaniuliza kama nina namba ya simu ya mtu pale forodhani, kwa sababu gunia lake bado liko huko, na ndani yake kuna kilo 31 za koki.